Mstari Mmoja Katika Kitabu cha Vifaranga

Ninyi mnaopima chakula cha kuku leo kwa mashine zinazotoa majibu kabla chai haijapoa, niwieni radhi. Mimi ni mwanamke wa Tanga, nimestaafu, na kipimo ninachotaka kuwaeleza kina manyoya, kinalia na kinachafua sakafu. Nilikitumia miaka mingi Guangzhou, Uchina, na ndicho kilichoniumbua. Nawaandikia kwa sababu mmoja wenu alinitembelea juzi akaniuliza, kwa adabu zote, kama ni kweli zamani tulikuwa tunapoteza wiki mbili kupima vifaranga wakati namba tayari tunayo. Nilimkaribisha chai tu, maana jibu lake si la kikombe kimoja.

Nilifika Guangzhou nikiwa mtu mzima, na watoto wangu nimewaacha kwa dada yangu. Nilipata ufadhili wa kusoma lishe ya mifugo, na nilipomaliza maabara moja binafsi ikaniomba nibaki. Wateja wake kutoka kwetu walikuwa wanaongezeka, na mwenyewe alitaka mtu wa kuwaelewesha. Mji ulikuwa unakimbia miaka ile. Watu wa Nairobi, Mombasa na Dar walijaa Zhanqian Road wakinunua nguo, wengine Xintang kwenye majinzi, na baadhi yao walianza kuagiza pia chakula na virutubisho vya kuku kwa ajili ya wafugaji nyumbani. Wote walikuwa na haraka. Hapakuwa na siku hata moja mteja aliyeingia pale akasema, chukueni muda wenu.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Liang. Pale fundi aliyebobea huitwa shifu, basi sote tulimwita Shifu Liang. Mtu mfupi, mkavu, miwani imefungwa kwa uzi. Jina langu, Zubeda, lilimshinda, akaniita Zu, na mimi nikaitika miaka yote ile. Hakuwahi kunisifia hata mara moja. Nikifanya vizuri alikuwa anapita tu, nikikosea anasimama.

Mara ya kwanza kumwona akifurahi ni siku alipokuja laoban, yaani bosi, wa kiwanda kimoja na unga wake wa protini. Kwenye mashine ya nitrojeni unga ule ulitoa namba ambayo hata nyama haitoi. Shifu akachota kidogo, akachanganya na soya mbichi iliyosagwa na maji ya uvuguvugu, akafunika, akamkaribisha mgeni chai. Baadaye akamwambia, funua unuse. Laoban akafunua, machozi yakamtoka. Chumba kizima kilinuka choo.

"Mei wenti," akasema laoban akipangusa macho. Hakuna tatizo.

"Kuku wako watakuwa na tatizo," Shifu akamjibu.

Ilikuwa urea, mbolea ya shambani, na soya mbichi huivunja ikatoa harufu ile. Ina nitrojeni tele, na mashine ile ilikuwa inahesabu nitrojeni tu, haiulizi imetoka wapi. Nilicheka siku ile, nikidhani werevu wa Shifu umeniingia na mimi kwa kumtazama tu.

Sasa niwaeleze vifaranga walikuwa wa nini. Kuku hajengi mwili kwa protini kwa jumla, anajenga kwa asidi amino, na kila moja ina nafasi yake. Nilikuwa nawaeleza wateja wangu kwa mashati, maana ndiyo lugha waliyoijua. Una vitambaa vya mashati kumi, lakini una mikono kumi na miwili tu. Utashona mashati sita, vitambaa vingine vitabaki vinakutazama. Kwa kuku, mmoja wa mikono ya shati inayopungua mara nyingi ni asidi amino iitwayo lisini. Tena lisini ina udhaifu wake. Mashudu ya soya lazima yapitishwe kwenye moto, la sivyo yanamsumbua kuku tumboni. Moto ukizidi, lisini inagandana na sukari iliyomo mle mle, na kifaranga hana uwezo wa kuibandua. Inaingia, inatoka. Lakini mashine yetu ilitaka sampuli ichemshwe kwanza kwa asidi kali, na asidi ile iliibandua sehemu kubwa. Kwa hiyo mashine ilihesabu pamoja na lisini ambayo kuku asingeipata kamwe. Vipo vipimo vya kemikali vinavyotenganisha iliyo hai na iliyoungua, ninyi mnavyo. Maabara yetu haikuwa navyo. Tulikuwa na chumba cha juu, taa za joto, maranda, na maboksi mawili ya vifaranga wa manjano.

Desturi ya Shifu ilikuwa hivi. Mteja analipia mashine, anapewa karatasi yenye sahihi, anakwenda zake. Lakini kila mzigo, hata kama mteja hakuomba, Shifu alikuwa anawalisha vifaranga kwa siku kumi na nne. Boksi la kwanza chakula tunachokiamini, boksi la pili chakula chenye mzigo wa mteja. Kila asubuhi tunapima vifaranga, tunapima na chakula kilichobaki kwenye ndoo za kila boksi, tunaandika kitabuni. Vifaranga wakipingana na karatasi, mteja anapigiwa simu. Mwenye maabara aliiona desturi ile kama wazimu wa mzee, akamwachia.

Mwezi wangu wa pili niliharibu kipimo kwa huruma. Boksi la pili lilikuwa linadhoofu, wadogo, manyoya yamesimama ovyo, wanalia mpaka unasikia kwenye ngazi. Nikawapa wali wangu wa mchana. Shifu alipoona punje moja kwenye maranda, alisimama. Hakunigombeza. Alizima taa, akawatoa vifaranga wote wa maboksi yote mawili, akanituma sokoni nilete wengine tuanze upya.

"Zu," akaniambia, "hawa hawakuja hapa kulishwa na wewe. Wamekuja kusema. Ukiwalisha, unawaziba mdomo."

Niliona ni maneno makali kwa ajili ya kijiko cha wali. Nililia ngazini, nikaapa sitarudia.

Mama Wambui alikuwa mfanyabiashara wa majinzi kutoka Nairobi. Mwanamke wa miraba minne, sauti inamtangulia mlangoni. Aliingia maabara kwa mara ya kwanza na mfuko wa mashudu mkononi, akaniangalia juu mpaka chini.

"Wewe ndiye Mswahili wa kuku?"

"Ndiye mimi. Karibu, dada."

"Asante. Sasa nisikize poa, hii si stori ya majinzi. Nyumbani Kiambu niko na sister yangu, Wairimu. Mume alikufa, amebaki na kuku. Wako kwa kikundi, akina mama kumi na wawili. Kuku wa mara mbili zilizopita walikataa kukua, feed ilikuwa takataka. Wale wengine wanataka kutoka, lawama yote iko kwake. Ameniambia hii ndiyo ya mwisho. Vifaranga tayari wameagizwa. Hii soya ikimwangusha, amekwisha. Umenielewa?"

Nilimwelewa. Nikaenda naye mwenyewe ghalani kwa laoban wa mashudu, nikachoma magunia kwa bambo, kile chuma chenye mfereji cha kutolea sampuli, mbele, katikati na nyuma, kama nilivyofundishwa. Kwenye kuchukua sampuli sikukosea hata kidogo. Niliyaona mashudu yamekoza rangi, hudhurungi badala ya ile rangi ya dhahabu hafifu. Nikayanusa. Yalinukia karanga zilizokaangwa, na mimi nimekulia kwenye nyumba ya kukaanga karanga. Pua yangu ikafurahi. Nikamwambia Mama Wambui, harufu yake nzuri. Wanangu, ile harufu nzuri ndiyo ilikuwa lisini inaungua, na mtu mwenye shahada mbili aliisifia.

Mashine ikatoa namba safi. Nikatia sahihi. Mama Wambui akaibusu karatasi, akasema Mungu anibariki, akaenda kupakia kontena. Siku nilipoweka mashudu yake kwenye mashine ndiyo siku tulipoanza maboksi mawili ya vifaranga kwa mzigo wake.

Siku ya saba Shifu aliitwa bandarini kwa kazi ya siku mbili, akaniachia chumba cha juu. Nikapima. Boksi la kwanza walikuwa wameshakuwa wazito mkononi. Boksi la pili nilidhani nimekosea sahani ya mzani, nikaipangusa, nikapima tena. Walikuwa wepesi kama pamba. Nikawatazama manyoya yao yaliyosimama ovyo, nikajua. Nilijua papo hapo, nisiwadanganye. Meli ya Mama Wambui ilikuwa inaondoka baada ya siku mbili. Simu ilikuwa mfukoni mwangu.

Sikupiga. Nilisema moyoni, labda ni bruda, kile kifaa cha kuwatia joto, taa ya upande ule haina joto la kutosha. Labda watawafikia wenzao. Nilikuwa nafikiria sahihi yangu, na yale maneno ya Mungu akubariki, na kwamba mimi ndiye Mwafrika pekee pale ndani na kosa langu lingekuwa kosa la sisi sote. Nilikuwa na sababu nyingi na zote zilinihusu mimi. Wairimu hakuwamo hata katika moja.

Pale kwetu kazini, baada ya chakula cha mchana kila mtu alikuwa analala. Wanalaza vichwa juu ya meza, mapazia yanavutwa, jengo zima linakuwa kimya kwa saa nzima. Saa hiyo nikapanda juu. Nikachota kwenye ndoo ya boksi la kwanza, nikamimina kwenye boksi la pili. Walikula kwa fujo, wanapandana. Mara hii haikuwa huruma. Mkono ulikuwa ule ule ulioshika kijiko cha wali, lakini mara hii niliwalisha ili wanyamaze.

Asubuhi ya siku ya nane matumbo yao yalikuwa yamejaa, mzani ukapanda. Nikaandika uzito ule kitabuni kwa mwandiko mzuri. Mchana wenzangu walipolala, nikapanda tena. Siku ya tisa asubuhi meli ikaondoka.

Shifu alirudi siku hiyo hiyo. Hakunisalimia, alikwenda moja kwa moja juu kama kawaida yake, akakaa kule muda mrefu. Aliposhuka alikuwa amebeba ndoo mbili, akaziweka mezani kwangu.

"Boksi la kwanza wamekula chakula cha siku mbili kwa siku moja," akasema. "Wanaumwa?"

Akasukuma ndoo ya pili mbele yangu.

"Na boksi la pili wameongezeka kuliko walichokula. Zu, kifaranga anakula hewa?"

Nilijaribu kusema neno juu ya taa. Akaniacha nimalize. Kisha akavua miwani, na sijawahi kumwona mtu aliyechoka vile.

"Ulipowapa wali nilidhani una moyo laini, nikasema atajifunza. Sasa ulikuwa unamlisha nani?"

Nikalia. Alingoja mpaka nikamaliza, akafungua kitabu kwenye siku ya nane. Nikanyoosha mkono nichane ule ukurasa, akaufunika kwa kiganja chake. Akanipa kalamu. Kitabu kizima kiliandikwa kwa Kichina, hata mimi nilikuwa naandika Kichina humo. Akaniambia pembeni ya namba ile niandike nilichofanya, na niandike kwa Kiswahili.

"Kwa nini kwa Kiswahili?"

"Kwa sababu mimi nimeshajua."

Nikaandika mstari mmoja. Halafu nikampigia simu Mama Wambui, aliyekuwa Xintang karakanani kwenye kelele za vyerehani. Nikamwambia majibu ya vifaranga yamechelewa kutoka, mashudu yameungua, naomba aje. Majibu yamechelewa. Hata baada ya machozi yote yale bado nilikuwa nimeacha kamlango ka kutokea.

Alifika jioni hiyo hiyo, jasho linamtoka, kanga ya begani imelegea.

"Ati yameungua aje? Si wewe ulininusia? Si uliniandikia?"

"Mashine haioni kuungua, dada. Vifaranga ndio..."

"Na hao vifaranga wamejua leo? Meli imetoka asubuhi, wanajua jioni? Ngoja kwanza. Ngoja. Niambie pole pole, walijua lini?"

Nikamgeukia Shifu. Shifu hakuelewa neno hata moja la yale tuliyokuwa tunasema, lakini alisimama, akaleta kitabu, akakifungua mbele ya Mama Wambui, akarudi kukaa. Mama Wambui akainama. Ukurasa mzima Kichina, safu kwa safu, na mstari mmoja tu aliouweza kuusoma. Akausoma kwa sauti, taratibu.

"Siku ya nane. Uzito huu si wa kweli. Niliwalisha mimi, mimi Zubeda, nilipojua."

Ningependa kuwaambia alinitukana. Hakunitukana. Alikaa kwenye kiti cha wageni, akauweka mkoba magotini, akatazama ukuta.

"Nitamwambia nini Wairimu?" akauliza. Hakuwa ananiuliza mimi.

Nilimpigia laoban wa mashudu mbele yake. Akajibu mei banfa, yaani hana la kufanya, mzigo ulishapokelewa na karatasi ya maabara ilisema ni mzuri. Karatasi yangu hiyo. Basi tukabaki na njia moja. Lisini hai huuzwa pia peke yake, unga mweupe, na ukiuchanganya kwa kipimo na mashudu yaliyoungua, unaziba pengo. Meli ilikuwa na wiki kadhaa baharini. Nikanunua magunia ya unga ule, na kabla hayajatoka tukaupima nao kwa vifaranga wapya, Shifu mwenyewe akipima na mimi nikishika kalamu. Kisha tukayapeleka uwanja wa ndege wa Baiyun yakapanda ndege. Mama Wambui alikuwepo uwanjani. Hakuzungumza nami, alizungumza na karani wa mizigo.

Ndani ya gunia moja nilitia barua kwa Wairimu. Nilimweleza jinsi ya kuchanganya, koleo kwa koleo. Nilimweleza na nilichofanya. Nikamwambia asiniamini. Mashudu yakifika, kabla ya kulisha banda zima, achukue maboksi mawili ya vifaranga, moja alichanganyie ule unga na jingine asichanganye, apime kila asubuhi kwa mzani wowote alio nao, na pasiwe na mtu wa kuwaonea huruma.

Siku za kungoja ziliniumiza kuliko nilivyotegemea. Sikuwa na ruhusa ya kumpigia Wairimu na nilijua hivyo. Ujumbe ulikuja kwa simu ya Mama Wambui, naye akautuma kwangu bila kuongeza neno: wenye unga wamewapita wenzao, na akina mama wameamua kulisha. Baadaye nikasikia kuku wa mara ile walikua. Lakini lile boksi lisilochanganywa lilikufa nusu, na akina mama wawili waliondoka kwenye kikundi walipoisoma barua. Walisema hawawezi kula kwa mkono wa mtu wa namna hiyo. Sikuwalaumu, na mpaka leo siwalaumu.

Kwa mwaka mzima tulikuwa tunapishana na Mama Wambui Zhanqian Road kama watu wasiojuana. Namwona na mizigo yake ya nguo, ananiona, anageukia dukani. Mwenye maabara hakunifukuza, kwa sababu Shifu alimwambia nikiondoka naye anaondoka. Hilo nililisikia kwa mtu mwingine. Shifu mwenyewe alirudi kunipita bila kunisifia.

Mmoja wenu ataniuliza, mbona sikuhama. Nilitaka kuhama. Nilibaki kwa sababu kila asubuhi ilinilazimu kufungua kile kitabu, na kila nilipofungua nilikuwa najua pale katikati kuna ukurasa. Nikaanza kunusa kwa adabu. Nikipenda harufu, nilikuwa napima mara mbili. Teknolojia ilibadilika, mashine mpya zikaja, vijana wenye koti jeupe wakaja nazo, nami nikajifunza zote, si mimi wa kukataa mashine. Ila sikutia tena sahihi kabla ya siku ya kumi na nne. Wateja wenye haraka walikwenda kwingine. Waende salama.

Shifu alipostaafu aliniachia mzani wa sahani ya plastiki na kitabu. Nimerudi navyo Tanga. Kitabu kiko sebuleni, na kijana yule aliyenitembelea alikuwa amekiegemeza kiwiko chake bila kujua.

Lakini kabla ya hayo, mwaka ule wa kupishana ulipokwisha, Mama Wambui alirudi maabara siku moja ya mwezi wa tatu, ule msimu ambao kuta za Guangzhou hutoka maji kwa unyevu na kila gunia linataka kuota ukungu. Alitua mfuko wa mashudu mezani. Nikamwamkia, akaitikia kwa kichwa.

"Ni ya Wairimu," akasema. "Kikundi kimekuwa kikubwa."

Nikavuta fomu nianze kujaza. Akaweka mkono juu yake.

"Mimi sitaki karatasi yako. Lete kile kitabu."

Nikakileta. Alifunua kurasa za Kichina asizozijua, moja baada ya nyingine, kidole kinashuka, mpaka akafika kwenye ule mstari wa Kiswahili. Wino ulikuwa umeanza kufifia kwa unyevu. Akausoma tena, mara hii kimya, kisha akatoa kalamu mkobani mwake na kunipa.

"Ukoleze," akasema. "Siku nitakuja nisiuone, mimi sirudi hapa."

Nikaukoleza wino, herufi kwa herufi, yeye amesimama juu yangu anatazama. Kisha nikapanda juu kuwasha taa, nikaenda sokoni kununua vifaranga.